Boya la Kushoto

Boniphace aliweka mguu wa kulia juu ya pantoni, wa kushoto ukabaki juu ya jiwe, na katikati yake pakawa na ziwa. Pantoni ikasogea. Haikusogea sana, kiasi tu cha kumfanya mtu mzima ajute kuzaliwa na miguu miwili. Alipojaribu kuivuta kwa nyonga, kama alivyowahi kuwaona mabaharia wa kweli wakifanya kule Mombasa, suruali ilipasuka kuanzia zipu hadi mkanda wa nyuma, na mwenyewe akaenda majini kwa makalio mbele ya mwalo mzima wa kisiwa cha Rukuba.

Wanawake waliokuwa wakianua dagaa waliacha kuanua.

Suruali ile ilikuwa kafa-ulaya. Ndiyo kwanza marobota ya nguo zilizovaliwa yalikuwa yameanza kufunguliwa sokoni Musoma, na watu walizipa jina hilo kwa kuamini kwamba wenyewe walishakufa huko Ulaya. Boniphace hakujali. Aliwaambia watu kuwa marehemu alikuwa na kiuno kizuri na roho nzuri, maana hakuwahi kumtokea kumdai.

"Shemeji," mwanamke mmoja aliita kutoka penye moto wa kukaushia samaki, "si ulituambia ulikuwaga baharia?"

"Nilikuwa mpakaji mafuta wa injini," Boniphace alijibu, maji yakiwa kifuani. "Kazi yangu ilikuwa chini. Kama hivi."

Wakacheka. Yule mwanamke, Gati, alikuja mpaka majini akamfunga kanga yake kiunoni, fundo juu ya fundo, kama anayemfunga mtoto. Boniphace alishukuru. Alikuwa amefanya kazi Kisumu, Port Bell na Bukoba, ametapika katika kila bandari yenye jina, na hakuna alikowahi kufungwa kanga na mwanamke asiye wake huku mwenye chombo akitazama.

Maana mwenye chombo alikuwa anatazama. Mzee Wanzagi alisimama pembeni, koti refu mwilini, mikono nyuma. Hakucheka.

Boniphace alipokuwa akikamua shati lake ndipo jambo moja lilipomjia akilini. Kamba ya pantoni ilikuwa imefungwa kwenye jiwe, nayo ilikuwa imekaza. Upepo ulikuwa umelala. Ziwa lilikuwa kama ugali uliopoa.

Sasa ile pantoni ilisogezwa na nini?

Alikuwa amekuja Rukuba kuamua, na kuamua kwenyewe kulikuwa rahisi kukusema. Yeye na mkewe Hyasinta walitaka pantoni ndogo ya kuvusha watu na mbuzi kati ya Musoma na visiwani. Hyasinta alizaliwa hapo hapo Rukuba. Dada yake Dorotea alizama na mtumbwi, na tangu siku ile Hyasinta hakukanyaga mtumbwi tena. Mama yake alikuwa akizeeka kisiwani, naye Hyasinta yuko Buhare, ng'ambo, akimtumia salamu kwa wavuvi kama mtu aliye nchi nyingine. Pantoni ilikuwa jambo tofauti. Pantoni ni pana, ina maboya mawili ya chuma chini, haipinduki kirahisi. Hyasinta angekaa mbele kila siku akipokea nauli, mwavuli juu ya kichwa, kama mke wa mkuu wa wilaya. Boniphace alimwahidi hivyo kwa miaka yote aliyokuwa akizurura bandarini, na sasa alikuwa amerudi na mvi na hakuwa na kisingizio.

Mpya, au iliyotumika? Mpya ingetengenezwa na fundi Kasmiri, pale pale Buhare. Lakini Kasmiri kila akiulizwa alisema hakuna chuma. Boniphace alikwenda Bunda kutafuta mabati mazito, akarudi na vumbi. Ya kutumika ilikuwa hii ya mzee Wanzagi, ilikuwa inaelea, na ilikuwa inauzwa.

"Usiniletee cha mtu," Hyasinta alikuwa amemwambia asubuhi. "Suruali zako za wafu zinanitosha."

"Naenda kuangalia tu, mama Thadeo."

"Wewe hujawahi kuangalia kitu ukakiacha."

Jua lilikuwa linagusa maji Boniphace alipopanda pantoni kwa mara ya pili, safari hii kwa magoti, kanga ikimbana. Akatoa spana mfukoni mwa shati. Hilo alilijua. Kama kuna kitu injini zilimfundisha ni kusikiliza chuma.

Aligonga boya la kulia.

Ngaaa...

Sauti safi, ndefu. Boya tupu, kavu, zima. Akafurahi. Akavuka mbao, akainama, akagonga la kushoto.

Dup.

Alikunja uso. Maji yameingia, alijisemea. Lakini boya lenye maji lingezamisha upande wake, na pantoni ilikuwa imekaa sawa kabisa, sawa kama meza ya padri. Akapapasa. Kichwani mwa boya, vidole vyake vilikuta mshono wa kuchomelea. Mishono mingine yote ilikuwa imeliwa na kutu. Huu ulikuwa mnene, wa haraka haraka, na ulikuwa wa juzi juzi.

Akagonga tena. Dup, dup.

Akanyamaza asikilize.

...dup, dup.

Boniphace aliitazama spana. Spana ilikuwa mkononi mwake, haijagusa kitu.

Samaki, alisema moyoni. Sangara mkubwa chini ya boya. Kisha akajicheka, kwa sababu hakuna sangara anayejua kuhesabu. Akagonga mara moja tu, kidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua.

Dup.

Kimya. Kwa mbali mtoto alikuwa akilia.

...dup.

Halafu ikaja harufu. Si ya samaki, wala dagaa, wala mafuta ya dizeli. Ilikuwa sabuni ya kuogea. Sabuni yenyewe, ya kunukia, ile ya karatasi laini. Watu wa Mara nzima walikuwa wanaogea majivu na majani ya mpapai mwaka ule. Mkuu wa shule alikuwa ananuka kama mchunga mbuzi, na wote walishasahau kuona aibu. Na hapa, juu ya pantoni ya mzee mmoja, harufu ya mwanamke aliyetoka kuoga ilimpita Boniphace usoni, taratibu, kama mtu aliyepita nyuma yake kwenda kukaa mbele.

Alirudi nchi kavu kwa magoti yale yale.

"Chombo kizuri, mzee," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Basi tupande tukishushie."

Huo ndio utaratibu wa mwaloni, na hata mgeni anaujua. Chombo hakihami kwa maneno wala kwa hela. Anayeuza na anayenunua hupanda pamoja, wakaenda kidogo majini, wakarudi. Wakifika, mwenyewe wa zamani ndiye anayetangulia kushuka, bila kugeuka. Mnunuzi hubaki juu. Hapo ndipo kinakuwa chake. Mwenye chombo asiposhuka, bado yumo.

Mzee Wanzagi alitikisa kichwa. "Mimi sipandi."

"Sasa nani anashuka?"

"Chombo si changu. Ni cha mama watoto. Jina lake si ulisoma pale mbele?"

Boniphace alikuwa amelisoma. MBUKE, kwa rangi nyeupe. Alidhani ni jina tu, kama wanaume wote wa ziwani wanavyoandika majina ya wake zao ili wasamehewe kuchelewa.

"Basi aje yeye ashuke."

"Alisafiri."

"Atarudi lini?"

Mzee alikuwa anamtazama Boniphace kifuani, si usoni, kama anayesoma kitu pale. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana:

"Mkeo ni mrefu?"

"Nini?"

"Huyo atakayekuwa anakaaga humu. Mrefu?"

"Wa kiasi."

"Atatosha," alisema mzee Wanzagi.

Upepo ulikuwa bado umelala.

"Nasema atatosha kukaa pale mbele," mzee aliongeza, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Boniphace alikumbuka ghafla kwamba mtumbwi wa wenye samaki ulikuwa unaondoka. Alimwendea Gati amrudishie kanga, lakini suruali ilikuwa haina cha kuficha, na Gati akamzuia mkono. Alikuwa anageuza sato juu ya moto. Hakuinua kichwa.

"Amekuuliza urefu?" alinong'ona.

Boniphace alijisikia baridi kuanzia pale kanga ilipoanzia.

"Wa kabla yako naye alimwuliza. Akaondoka." Gati aligeuza samaki mwingine. "Mbuke alikuwa anakaaga pale mbele kila siku. Watu walimpenda. Siku moja hayupo. Mzee akasema ameenda kwao Butiama kuuguza. Wiki ile ile aliita mtu wa gesi akachomelea boya. Tuliona moto mpaka huku."

"Lilikuwa limetoboka?"

"Si ndiyo alivyosema." Alipuliza makaa. "Halafu mambo yakamnyookea, shemeji. Abiria wakawa wanagombania. Kisiwa kizima kina njaa, yeye ananenepa. Halafu watu wa Butiama wakaja hapa kumwulizia binti yao."

"Mkawaambia nini?"

"Tungewaambia nini? Mzee aliwapa chai. Ya sukari." Sasa alimtazama. "Tangu hapo mbuzi hawapandi. Ukimvuta, anakufa na kamba shingoni kuliko kuweka kwato pale. Mbuzi wakikataa na watu wanakataa. Nenda, wenzako wanakusubiri. Kanga utaniletea siku nyingine."

Mtumbwi ulipokuwa unaondoka, Boniphace alipaza sauti akamwambia mzee Wanzagi kuwa amefikiri, atasubiri mpya. Alitegemea hasira. Mzee alipunga mkono tu.

"Sawa," alijibu kutoka gizani. "Haina haraka."

Buhare, Hyasinta alimpokea mumewe na taa ya kibatari. Akaimulika kanga. Akayasoma maandishi yake yote, polepole, mbele na nyuma. Kisha akasogea, akamnusa shingoni.

"Baba Thadeo."

"Naam."

"Kanga ya nani?"

"Ya Gati wa samaki, suruali ilipasuka, niulize nitakueleza."

"Na sabuni?"

Mwaka ambao hakuna mke aliyekuwa na sabuni ya kunukia, mume aliyerudi akinukia, amevaa kanga, hana suruali, hahitaji mashahidi. Ilibidi Boniphace asimulie yote, mpaka lile neno la atatosha. Alidhani Hyasinta atacheka. Hakucheka. Alikaa kitandani akaweka taa chini.

"Mimi namjua Mbuke," alisema. "Tulibatizwa pamoja. Wa kiasi, kama mimi."

Kisha akasema: "Mpya. Hata nikisubiri mpaka nizeeke. Mpya."

Ikaamuliwa hivyo.

Na hapa ndipo Boniphace alipokosea, ingawa kosa lenyewe lilikuwa la nchi nzima. Miaka ile mtu akikuambia amepata sukari, hukumwuliza ameipata wapi. Ulisema Mungu ni mwema ukaleta kikombe. Kuuliza kulikuwa kama kuchongea, na mlanguzi wa leo angeweza kuwa shemeji yako wa kesho. Wakati huu walisema mambo yamekuwa ruksa, lakini ndimi zilikuwa bado na zile adabu za foleni. Hivyo Kasmiri alipokuja mlangoni na kusema, "Baba Thadeo, chuma kimepatikana," Boniphace alisema Mungu ni mwema.

Hakuuliza.

Kasmiri alifanyia kazi ufukweni nyuma ya turubai, kwa sababu ya wezi, alisema. Usiku wa kazi ulionekana mwanga wa buluu ukipepesuka. Boniphace akipita alikuwa akimtania kwamba hata mimba huonekana mapema kuliko pantoni yake. Hyasinta alianza kushona kitambaa cha mwavuli. Alikuwa anaimba. Boniphace alikuwa hajamsikia akiimba tangu Thadeo wao aende Mwanza, na usiku alilala akitabasamu kama mjinga.

Turubai lilitolewa jioni moja ya Jumamosi.

Ilikuwa nzuri. Hilo hata adui angesema. Rangi ya buluu mpya inayong'aa, mbao za mvule, kibenchi mbele, na jina HYASINTA kwa herufi nyeupe, N imegeuka kidogo, lakini nani anajali. Majirani wachache walikuja kutazama. Vijana wakaisukuma majini, ikakaa sawa. Sawa kama meza ya padri.

Hyasinta hakusubiri kuombwa. Alivua viatu, akavuka kajiubao ka kupandia akiwa ameshika mwavuli, bila kuyumba, yeye aliyeogopa ziwa miaka yote ile. Akaenda mbele akakaa kwenye kibenchi. Watu wakapiga makofi. Boniphace alitaka kupiga pia, lakini akajifanya ana kazi. Akatoa spana, akaingia majini mpaka magotini, akagonga boya la kulia.

Ngaaa...

"Unaona?" alisema Kasmiri kwa fahari. "Kazi hiyo."

Boniphace akazunguka kwa nyuma, akicheka kwa sababu ya jambo alilosema jirani mmoja, hata hakumbuki lilikuwa nini. Akagonga la kushoto.

Dup.

Kicheko kilimwishia mdomoni.

Alipapasa kichwa cha boya. Chini ya rangi mbichi, iliyomganda vidoleni, palikuwa na mshono mnene. Wa haraka haraka.

...dup.

Harufu ilikuja ikipita juu ya rangi, juu ya mvule, juu ya jasho la watu. Safi. Ya mtu aliyetoka kuoga. Mwanamke mmoja ufukweni alivuta pumzi akauliza wenzake, kwa wivu, nani kapata sabuni.

"Kasmiri," Boniphace aliita, polepole. "Chuma ulipata wapi?"

Fundi alishangaa. Hilo swali halikuwa la kistaarabu. "Hili moja nililitengeneza kwa mapipa na mabati niliyoungaunga. Na hilo unaloshika nililinunua likiwa zima. Kuna mzee wa Rukuba alikuwa anavunja pantoni yake."

"Nimekwambia nataka mpya."

"Ni mpya. Pantoni ni mpya. Chuma kipya kinatoka wapi nchi hii, baba Thadeo? Wewe ulileta?"

"Ulilifungua?"

"Nifungue boya zima kwa nini?"

"Alishuka?" Boniphace alikuwa amemshika fundi shati. "Aliyekuuzia. Mlipanda, akashuka?"

Kasmiri alimtoa mkono, akajikung'uta. "Mimi nilinunua chuma. Sikununua chombo."

Boniphace alimwacha. Aligeuka kumtazama mkewe.

Jua lilikuwa limezama na maji yalikuwa ya rangi ya risasi. Hyasinta alikuwa amekaa mbele, mgongo umenyooka. Mwavuli alikuwa ameufungua, ingawa hapakuwa na jua wala mvua. Kibenchi kilikuwa kifupi, cha kumtosha mtu mmoja vizuri. Yeye alikuwa amekaa ukingoni kabisa, paja moja nje, na mwavuli ameupeleka upande, kama anayemkinga mwenzake. Kamba ilikuwa imekaza.

Mbuzi wa jirani, aliyekuwa akila majani pale juu, alikata kamba yake akakimbia kuelekea nyumbani.

"Mama Thadeo," Boniphace alisema. Alijaribu kuisema kwa sauti ya utani, ile aliyoitumia miaka yote mambo yalipoharibika. Haikuja. "Mama Thadeo, njoo. Shuka taratibu. Nipe mkono."

Hyasinta hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza siri.

"Hyasinta. Shuka."

"Sishuki," alisema. "Aanze yeye."